Ngoma Hailii, Sahani Inalia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifuta mayai. Mama aliyatoa bandani yakiwa bado na joto, naye akayafuta kwa kitambaa kikavu na kuyapanga kwenye trei, ncha nyembamba chini. Jina la Chiriku alipewa na Mama mwenyewe, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Alizungumza na kuku, akazungumza na mayai, na akikosa wa kumsikiliza alizungumza na ufagio.

Siku hizo gumzo la nyumbani lilikuwa moja tu. Baiskeli ya Mama ilikuwa imechoka, na mayai ya kupeleka madukani kule chini ya mteremko yalikuwa yameongezeka. Basi Mjomba, kaka yake Mama, ambaye ni fundi wa pikipiki, akaleta pikipiki mbili zilizokwisha kutumika ili dada yake azijaribu na kuchagua moja. Zilifanana kama mapacha, isipokuwa breki ya mbele. Moja ilikuwa na breki ya diski, yaani sahani ya chuma inayong'aa kando ya gurudumu. Nyingine ilikuwa na breki ya ngoma, iliyofunikwa yote katikati ya gurudumu kama sufuria na kifuniko chake.

"Ile ya sufuria ni ya wazee," alisema Goti, rafiki wa Chiriku wa nyumba ya jirani, ambaye magoti yake hayakukosa kidonda hata siku moja. "Mama yako akiinunua, tutamletea na mwiko."

Chiriku alicheka, lakini maneno yalimchoma. Tangu hapo aliitaka ya diski kuliko alivyoitaka likizo.

Shida ni kwamba diski ilikuwa ikilia. Mama alipoizungusha uani na kukamata breki, ilitoa mlio mwembamba, kwiii, hata kuku wakakimbilia bandani.

"Makubwa haya," Mama alisema. "Ngoma hailii, sahani ndiyo inalia?"

"Ndiyo dunia ya leo, dada," Mjomba akajibu. "Labda ni vumbi tu."

"Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Mimi nachukua hiyo iliyonyamaza. Kesho nitazijaribu zote mteremkoni, ila moyo wangu umeshaamua."

Chiriku hakuongeza neno, na hilo peke yake lilikuwa ajabu. Pale nyumbani kila kilicholia kilitiwa mafuta: bawaba za mlango, cherehani, hata gurudumu la toroli. Asubuhi yake, Mama alipokuwa bandani, Chiriku alichukua kichupa cha mafuta ya cherehani akaipaka ile sahani huku na huku, kisha akapitisha kitambaa kidogo isionekane. Aliona amemsaidia kila mtu.

Mjomba alipofika, Mama alifunga trei za mayai nyuma ya pikipiki ya diski, akavaa kofia ngumu, akaisukuma polepole na kukamata breki. Kimya.

"Kumbe nayo ina adabu," Mama alisema. "Basi naanza na hii. Ikinishusha salama, nitaifikiria."

Nusura Chiriku aruke kwa furaha. Wakati huo Goti alikuwa akimhoji Mjomba. "Sasa Mjomba, kisahani kile kinasimamishaje pikipiki nzima?"

"Kuna vipande viwili vinaitwa pedi. Ukikamata breki, vinaibana sahani pande zote mbili, kama unavyoibana sahani kwa vidole ukiosha vyombo."

"Mimi huniponyoka. Zikiwa na mafuta hazishikiki kabisa."

"Na hapa ni hivyo hivyo, mwanangu. Ndiyo maana mafuta hayatakiwi hata tone."

Chiriku akageuka upesi kumtafuta Mama. Mama alikuwa ameshawasha injini, anaelekea langoni, na nje ya lango ndipo mteremko unapoanza. Akisema, diski imeshindwa, na yeye ataonekana mharibifu mbele ya Goti. Asiposema... Hakulimaliza wazo hilo. Alitimua mbio.

"Mama, simama! Nimeipaka breki ya mbele mafuta!"

Mama akaikamata ile ya mbele. Gurudumu halikujali. Akakanyaga ya nyuma, na pikipiki ikaenda kuegemea gunia la pumba kando ya lango. Yai moja likachupa kwenye trei na kumpasukia kiatuni Mjomba, aliyekuwa akija mbio nyuma yao.

Mama alizima injini, akavua kofia. "Hebu rudia."

Chiriku alirudia yote: kichupa, kitambaa, na tamaa yake ya diski. Hakumsingizia mtu.

"Umekosa, tena sana," Mama alisema. "Sasa hivi ningekuwa mteremkoni. Lakini umesema nikiwa bado uani. Njoo hapa." Akamkumbatia, kofia ngumu ikiwakwaza katikati.

"Mayai ya kukaanga nayajua," Mjomba alinung'unika akipangusa kiatu, "haya ya kuvaa ndiyo mapya." Wote wakaangua kicheko. Lakini alipozifungua pedi kwa spana, aliacha kucheka. Zilikuwa zimelika, nyembamba kama ukucha.

"Kumbe haikuwa vumbi. Ilikuwa ikilia kwa sababu pedi zimekwisha, na mimi fundi mzima sikutazama. Mganga hajigangi."

"Na hiyo ngoma? Ifungue nayo," Mama akasema.

Ilibidi gurudumu lote litolewe. Vipande vya ndani navyo vilikuwa vimekwisha vibaya, na muda wote ngoma haikusema neno.

"Si breki mbaya," Mjomba aliwaeleza. "Imefunikwa, tope haliifikii upesi, na matengenezo yake ni rahisi. Ila uifungue mara kwa mara, maana yenyewe haisemi. Hii ya sahani iko wazi. Pedi unaziona kwa macho, na ukichelewa inakupigia kelele. Tena kwenye mteremko mrefu haichoki upesi kwa joto."

"Mimi na kuku hawa nitasahau kuifungua," Mama alisema. "Nipe hiyo yenye mdomo. Nyumba hii tumeshazoea."

Chiriku ndiye aliyeisugua diski kwa spiriti, Mjomba akimsimamia, mpaka kitambaa kikatoka kikavu na safi. Pedi mpya zikafungwa. Mama akashuka mteremko wote, watoto wakimtazama kutoka langoni, akasimama taratibu mbele ya duka, kisha akageuza na kupanda tena. Hakuna yai lililopata hata ufa.

"Mama," Chiriku aliuliza kwa wasiwasi, "mbona hailii? Isije ikawa bado ina mafuta."

Mama alicheka mpaka akaegemea tangi la pikipiki. "Hapana, mwanangu. Sasa imenyamaza kwa sababu haina shida. Asubuhi ilinyamaza kwa sababu uliiziba mdomo. Kunyamaza kuko kwa namna mbili, usizichanganye. Kitu kikilia, kwanza kiulize kinalilia nini, ndipo ukitafutie mafuta. Na wewe siku ukikosea, lia mapema, kama ulivyolia leo."