Waliomwambia Mama Apumzike

Majirani zangu, wenye wazazi na nyote mtakaozeeka, nipeni masikio yenu kidogo. Mimi ni msusi, na mnajua mdomo wangu haukai kimya mikono ikiwa kichwani mwa mtu. Lakini hili la leo silisemi kwa umbea. Nalisema kwa sababu linanichoma, na kwa sababu nikitazama nyumba za mtaa wetu naona bado linaendelea, tena kwa watu wazuri kabisa, wenye heshima zao, wanaowapenda wazazi wao.

Ilikuwa siku ya kwanza ya mwaka, alasiri. Nyumba iliyo mkabala na saluni yangu ni ya mwalimu mmoja wa kike, mumewe na watoto wao wawili, na siku hiyo walikuwa wamenialika. Sebule ilikuwa imepigwa deki inang'aa, mapazia yamefuliwa, watoto wamelala zuliani wakigombania mto, na sisi wakubwa tumeshiba tunapiga soga. Pembeni ya dirisha alikaa mama mzazi wa Mwalimu, yule ambaye mtaa mzima tulimwita Mama Vifungo.

Asiyemjua nimweleze. Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani. Kichumba chake cha kazi kilikuwa mwisho wa barabara yetu hii hii, kupita duka la dawa, na sare za watoto wa shule wa hapa, wakiwemo ambao sasa wana ndevu, zilitoka mikononi mwake. Jina alilipata kwa sababu hakuweza kumwona mtu amekosa kifungo akamwacha apite. Angekusimamisha njiani, akachomoa sindano kifuani kwenye gauni lake, akakushonea hapo hapo umesimama, huku anakusema kwa uzembe wako. Mumewe alipofariki, cherehani ile ndiyo iliyomsomesha Mwalimu mpaka akawa mwalimu.

Mwaka uliotangulia aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Akapasuliwa, mfupa ukaunga vizuri, akahamia kwa binti yake. Daktari wa mazoezi alimwambia mbele yetu sote, "Mama, mfupa umepona. Kilichobaki ni wewe kutembea. Kila siku, hata kidogo, na fimbo yako. Ukikaa tu, miguu itasahau kazi."

Basi siku hiyo ya mwaka mpya baba mwenye nyumba akazua mchezo: kila mtu aseme mwaka huu anataka kufanya nini. Yeye akasema atapunguza kitambi. Mwalimu, mkewe, akaguna. Naye akasema atarudi masomoni apande cheo. Mtoto mkubwa akaahidi kufaulu hesabu, na mdogo akatamka kwa aibu kwamba ataacha kunyonya kidole, tukampigia makofi. Hata mimi mgeni niliulizwa, nikasema nataka kuongeza kiti cha pili saluni. Kisha baba akachukua rimoti akawasha televisheni. Mchezo umekwisha.

"Na mimi je?" akauliza Mama Vifungo.

"Heee! Kumbe Bibi naye ana malengo!" mjukuu mkubwa akaangua kicheko.

"Ninayo, kwa nini nisiwe nayo? Mwaka huu narudi kwenye cherehani yangu, kwa miguu yangu mwenyewe. Nimeshapanga. Kwanza nitafika getini. Nikizoea, nivuke mpaka kwa msusi. Kutoka kwa msusi nifike duka la dawa. Na nikifika duka la dawa, jamani, nimeshafika kazini."

"Mama," mkwewe akasema akijizuia kucheka, "utakapofika huko wateja wako nao watakuwa wanakuja na fimbo!"

Sebule ikalipuka. Hawakucheka kwa ubaya, nawatetea hapo. Walicheka kama unavyomcheka mtoto anayesema atakuwa rubani. Lakini niliuona uso wa yule mama. Alinyoosha kanga mapajani, akanyoosha tena, mahali ambapo haikuwa na kunyanzi hata moja.

"Mnacheka nini? Nimesema kichekesho?"

Mwalimu akainuka, akamkumbatia. "Mama yangu, umefanya kazi ya kutosha. Sasa ni zamu yetu. Wewe kula, lala, tuombee. Pumzika."

"Nimechoka kupumzika, mwanangu," Mama Vifungo akajibu. Na hilo nalo wakalicheka.

Shule zilipofunguliwa na ofisi zikaanza, nyumba ilibaki na yeye na mama wa kazi, mtu mzima mwenye busara zake. Asubuhi moja nikiwa nafagia mlango wangu, nikamwona Mama Vifungo amesimama getini kwao, fimbo mkononi, jasho linamtoka.

"Shikamoo mama! Umefikaje hapo?"

"Marahaba. Nimefika kwa miguu, ulidhani nimepaa? Getini nimemaliza. Kesho nakuja kwako, uwe umefagia vizuri."

Haikuwa kesho, maana barabara ile kwake ilikuwa pana. Alijaribu, akarudi. Akajaribu tena, mama wa kazi akimfuata nyuma kwa kunyata kama mwizi, asije akaonekana kumsaidia akagombezwa. Mpaka asubuhi moja akakanyaga sakafu ya saluni yangu, akajibwaga kwenye kiti cha wateja, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Wateja wakampigia vigelegele. Alipopata pumzi tu akaanza, "Wewe binti, hiyo sketi nani kakushonea? Pindo limepanda upande. Lete hapa." Akamshonea pindo, mikono haijasahau hata kidogo. Nikamtazama nikajisemea, huyu anarudi. Wallahi huyu anarudi.

Akawa anakuja karibu kila siku. Wateja wakawa wanamletea zipu zilizoharibika na magauni ya kupunguzwa. Mashavu yakajaa, sauti ikapanda, akaanza kunipangia hata mimi kazi. "Wiki ijayo naanza safari ya duka la dawa," akaniambia, "na wewe funga mdomo, nataka binti yangu anikute kule nimeshakaa."

Hapo ndipo shetani alipopata nafasi. Siku hiyo akiwa anatoka, alijikwaa kizingitini akaangukia goti. Chubuko tu, jamani, damu kidogo tu. Yeye mwenyewe alikuwa anacheka chini pale, anasema bora goti kuliko gauni. Lakini Mwalimu alikuwa amerudi mapema siku hiyo, na alichokiona alipofika kwenye kona ni mama yake amekaa chini barabarani na watu wamemzunguka.

Alikuja mbio, mkoba umening'inia. "Jirani, unataka kuniulia mama?"

"Ni chubuko, Mwalimu. Na daktari mwenyewe alisema..."

"Daktari haishi mtaa huu! Ninayeishi hapa ni mimi! Watu wakimwona mama yangu anajikokota na fimbo, anashonea watu zipu saluni, watasema nini? Watasema mtoto ana mshahara na mama yake anahangaika na sindano uzeeni!"

Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwake, na nawaomba myashike. Mapenzi yalikuwepo, sikatai. Lakini pembeni ya mapenzi palikuwa na macho ya watu.

Tangu siku hiyo geti likafungwa kwa kufuli. Fimbo ikapandishwa juu ya kabati ambako mama hafiki. Wakanunua kiti kikubwa cha kuegemea, laini, cha kunyanyua miguu, wakakiweka mbele ya televisheni. Mama wa kazi akapewa amri: chakula aletewe, maji ya kunawa aletewe, hata beseni na ndoo ya haja aletewe hapo hapo, asiinuke. Walimlea kama yai. Wageni waliokuja walikitazama kile kiti wakamsifu Mwalimu, "Umemtunza mama! Mungu akubariki. Siku hizi watoto kama wewe ni wa kutafuta." Na Mwalimu akafurahi, nani asingefurahi?

Mimi niliruhusiwa kwenda kumsuka tu. Siku moja nikiwa katikati ya kichwa, mkwewe akapita anaaga. Mama Vifungo akamwambia, "Baba, ukipita kule kwenye kichumba changu, tia cherehani mafuta kidogo. Isije ikashika kutu kabla sijarudi."

Mume akamtazama mke. Mke akatazama dirishani.

"Mbona kimya?" mama akauliza.

"Mama," Mwalimu akasema taratibu, "kile kichumba tulishakirudisha kwa mwenyewe aliyekupangisha. Na cherehani tumempa binamu yangu, yule anayeanza kujifunza ufundi. Vilikuwa vinakaa bure."

Mikono yangu ilikuwa kichwani mwake, kwa hiyo nilikisikia kichwa kile kikishuka, uzito wake wote, mpaka kidevu kikagusa kifua. Nilisubiri agombe. Nilimwombea agombe. Yule mama aliyekuwa akikusema barabarani kwa kifungo kimoja!

"Sawa," akasema.

Na kuanzia hapo kila kitu kikawa sawa. Mama, ule? Sawa. Mama, ulale? Sawa. Tubadilishe chaneli? Sawa. Mwalimu akaniambia mama yake siku hizi ametulia, hana usumbufu. Mimi nilikuwa naona mengine. Kila nilipokwenda kumsuka, miguu ilikuwa imepungua tena chini ya kanga. Nyayo za viatu vyake vya ndani zilikuwa safi, hazijakanyaga chochote. Nikimwambia, "Mama, tujaribu kusimama kidogo, mimi na wewe tu," ananishika mkono, anaupapasa, anasema, "Niende wapi, mwanangu?" Nilimwambia Mwalimu, nikamwambia na mumewe, nikaambiwa nisuke nywele.

Mvua za kwanza zilipoanza, akatokwa na kidonda chini ya mgongo kwa kukaa. Nikaitwa nisaidie kumbeba mpaka kwenye gari. Hospitalini, daktari wa mazoezi alikuwa yule yule. Alimfunua miguu, akaibonyeza moja moja, kisha akauliza, "Mara ya mwisho mama alitembea lini?"

Mwalimu akamtazama mumewe. Watu wawili wenye elimu zao, na hakuna aliyejua.

"Dada," daktari akamwambia Mwalimu, wala hakupandisha sauti, "mama hakuwa mgonjwa. Mama alikuwa amepona."

Jioni ile Mwalimu aliishusha fimbo kutoka juu ya kabati, vumbi tele. Akapiga magoti mbele ya kile kiti laini, akamwekea mama yake fimbo mkononi. "Mama, twende getini. Mimi na wewe. Kesho tutafika kwa msusi, nitaomba ruhusa kazini. Nitakurudishia cherehani yako, nakuapia. Simama, mama. Simama tu."

Mama Vifungo alijaribu, jamani. Msidhani hakujaribu. Tulimshika huku na huku, akakaza midomo, akaikandamiza fimbo mpaka ikakwaruza sakafu. Magoti hayakunyooka. Akajaribu tena. Kisha akamtazama binti yake aliyekuwa analia pale chini, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Miguu haitaki."

Yeye ndiye aliyeomba msamaha! Niliondoka pale nikaenda kulia saluni, mlango nimefunga.

Hakuchukua muda mrefu baada ya hapo. Homa ya mapafu ilimkuta amelala, na mwili haukuwa na cha kupigania. Tulimzika mchana wa jua kali, na mtaa mzima ulikuja, watu wazima kwa watoto, wengi wao wamewahi kuvaa mshono wake.

Baadaye, msiba ulipokwisha na viti vya kukodi vikarudishwa, Mwalimu alikuja saluni. Hakuja kusuka. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja, akawa anaitazama barabara kule inakoelekea duka la dawa.

"Jirani," akaniuliza mwisho, "niambie ukweli. Angefika?"

Ningeweza kumdanganya. Ningeweza kusema alikuwa mzee, siku zake zilikuwa zimefika, mambo ya Mungu. Lakini mnanijua.

"Alikuwa ameshafika hapa, Mwalimu," nikamwambia. "Na kutoka hapa si mbali."

Akainamisha uso magotini, na mimi nikamshika mabega, maana naye ni binadamu na alimpenda mama yake.

FUNZO

Ndugu zangu, huyu mama hakufa kwa kutelekezwa, wala kwa njaa, wala kwa kupigwa. Alikufa kwa kuhudumiwa. Alikuwa na jambo alilotaka kulifanya katika mwaka wake, na watu waliompenda kuliko wote wakaliona ni mzaha kwa sababu ya umri wake. Walimnyang'anya fimbo, wakamnyang'anya kazi, na walipomaliza wakashangaa kwa nini amekaa kimya.

Mzee akikwambia mwaka huu nataka kujifunza kitu, nataka kusafiri, nataka kulima, nataka kuoa hata, usicheke. Kama kuna hatari, kaa naye mpange jinsi ya kuipunguza, lakini usimwondolee sababu ya kuamka asubuhi. Na usimfungie mzazi ndani kwa kuogopa macho ya majirani. Sisi majirani tutasema siku mbili tutachoka, na wewe utabaki na mzazi wako, au utabaki bila yeye.

Na ninyi wazee wangu, msiwe wepesi wa kusema sawa. Gombeni. Piteni huku saluni, kiti kipo.