Hodi Tatu za Ukurasa wa Arobaini na Moja

Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa na hodi tatu, na hapakuwa na karibu hata moja.

Mama Nukta aliusoma mara mbili ili kuhakikisha. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwenye kampuni ya vitabu, kwa sababu katika miaka kumi na minne ya kusahihisha miswada hakuwahi kuiachia sentensi iende zake bila nukta. Kama wengine wanavyochambua mchele, ndivyo yeye alivyochambua maneno, na siku aliyopata chuya nyingi ndiyo aliyolala vizuri. Kazi nyingine alikuja nazo nyumbani, kwa sababu ofisini watu wanaongea mno.

Mswada wenyewe ulikuwa kitabu cha pili cha hadithi ya watoto. Cha kwanza kilimhusu msichana aliyeingia ndani ya kitabu kupitia mlango uliochorwa ukurasani, akatembea humo, akarudi salama. Watoto walikisoma mpaka majalada yakachanika. Mwandishi wake, mzee mmoja mkimya, alichukua miaka tisa kuleta cha pili. Ndani yake msichana yuko kwao, mlango umefungwa, na mtu anabisha kutokea upande wa ndani wa kitabu. Anabisha mara tatu. Msichana anajibana kimya. Mtu anaondoka, nyayo zinafifia, sura inaishia hapo.

"Mzee amechoka huyu," Mama Nukta alijisemea. Mtoto aliyelelewa akalelewa hamwachi mgeni mlangoni kama mwizi. Tena kitabu cha watoto. Wakishasoma hivi si watawafungia milango hata shangazi zao? Akachonga penseli, na chini ya hodi ya tatu akaandika kwa herufi zake nzuri zilizosimama wima: "Karibu," alijibu msichana.

Kulikuwa na barua ya mwandishi iliyobanwa nyuma ya mswada. Hakuifungua. Barua za waandishi aliziacha za mwisho, maana zote husema jambo moja: tafadhali usiyaguse maneno yangu.

Binti yake alirudi kutoka shule saa tisa alasiri. Waliishi wawili tu, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko. Mtoto huyo wa miaka minane alikuwa wa mwisho kuzaliwa, wakubwa zake wakiwa wameshajitegemea, na wote walimwita Kitinda. Alikuwa na pengo mbele, alipenda kuvua soksi moja na kusahau nyingine, na ulimi wake ulikuwa haujaelewana na herufi moja.

"Mama, hiki ndicho cha piri?"

"Cha pili."

"Ndiyo. Cha piri."

Mama Nukta alikuwa ameipigania herufi hiyo miaka miwili, mezani, bafuni, njiani. Akacheka, akamruhusu asome ukurasa mmoja tu, kwa sauti, na asiuchafue. Yeye akaenda jikoni kuangalia sufuria.

Kutoka jikoni alimsikia mwanawe akifanya sauti nene ya mgeni. Hodi. Kisha tena hodi. Kisha ya tatu. Halafu, kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba na ya furaha, Kitinda akasoma kile ambacho mama yake alikuwa amekiandika kwa penseli. Karibu.

Harufu ikapita mlangoni, harufu ya karatasi zilizolowa, kama sanduku la vitabu lililokaa chini ya paa linalovuja. Mama Nukta akachungulia. Kitinda alikuwa amekaa wima kwenye kiti, mikono magotini, na mswada ulikuwa umefungwa mbele yake.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama, alisema mtoto."

Maneno yote hayo yalitoka kinywani mwa Kitinda, pamoja na yale mawili ya mwisho. Mama Nukta akacheka, akajua ni mchezo mpya. Watoto wana michezo.

Wakati wa chakula mchezo haukuisha. "Nimeshiba, alisema mtoto huku akitabasamu," mtoto alisema, na tabasamu likaja baadaye, polepole, kana kwamba lilisubiri kusomwa kwanza. Sahani ilikuwa haijaguswa. Alipoombwa aende kitandani alijibu, "Ninakwenda kulala," na ile herufi ikatoka safi, bila doa. Mama Nukta akashukuru Mungu kimoyomoyo. Miaka miwili ya kazi ilikuwa imezaa matunda, hivyo ndivyo alivyodhani, na ninamwonea huruma kila ninapofika hapa, kwa sababu hata mimi ningeshukuru.

Asubuhi yake ilikuwa Jumamosi. Alimkumbatia mwanawe kumwamsha na akasikia kitu kifuani mwa mtoto, mahali moyo unapogonga. Hakikugonga. Kilichakacha. Kilikuwa kama kurasa zinazopekuliwa na mtu asiye na haraka, zikienda mbele, zikirudi nyuma. Mama Nukta akamwachia, akasema ana kazi, akaenda kukaa mezani mgongo ukiwa ukutani.

Akafungua mswada ili mikono ipate la kufanya. Chini ya kiti mguu wake ukagusa kitu laini, akainama akaokota: soksi moja ya Kitinda. Akaiweka mezani, akafunua ukurasa wa arobaini na mbili.

Jana ukurasa huo ulikuwa mwanzo wa sura mpya. Leo ulikuwa na mistari michache tu, kwa herufi zilezile za mashine ya mwandishi.

Msichana mwenye pengo alikaa nyuma ya mlango. Mguu mmoja ulikuwa na soksi, mwingine ulikuwa na baridi. "Mama," alisema, "nifungurie."

Mkono una mazoea yake. Kabla akili haijafika, penseli ilikuwa imeshashuka kwenye ile r kuigeuza kuwa l, na ncha yake ilikuwa imegusa karatasi, ndipo Mama Nukta akaona ni kosa la nani. Kosa hilo alilifahamu kuliko alivyoyafahamu maandishi yake mwenyewe. Hakuna mwandishi aliyeliweka pale. Akaitupa penseli. Akabandika kiganja juu ya ukurasa, akakihisi kinapata baridi, akaanza kulia bila sauti kwa sababu katika chumba cha pili kulikuwa na kitu kinachosikiliza.

Sasa ndipo alipofungua ile barua. Ilikuwa na sentensi mbili na namba ya simu. Ndugu msahihishaji, rekebisha popote upendapo isipokuwa ukurasa wa 41. Hodi ile isijibiwe.

Akajifungia jikoni, akapiga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi ndiye ninayesahihisha kitabu chako." Alinong'ona akiwa ameuziba mdomo kwa mkono. "Nimejibu."

"Umejibu nini?"

"Ile hodi. Na mwanangu akaisoma kwa sauti."

Mzee alizungumza kama mtu anayekiri kosa.

"Kitabu cha kwanza kilipotoka, watoto waliniandikia barua. Wote waliuliza jambo moja: yule anayesimama nyuma ya mlango kwenye ukurasa wa mwisho ni nani? Mwanangu, mimi sikuandika mtu nyuma ya mlango."

"Ni nani basi?"

"Ni jini. Sina jina jingine la kumpa. Nilichora mlango wa kuchezea watoto, naye akauona. Miaka tisa nimehangaika na ukurasa mmoja tu. Abishe mara tatu, asijibiwe, aende zake. Hata majini wana adabu hiyo. Asiyejibiwa mara tatu haingii."

"Nimtoeje?"

"Mgeni uliyemkaribisha kwa mdomo wako humfukuzi. Atoke kwa miguu yake mwenyewe, umfungie, ufute neno lako, kisha unyamaze mpaka hodi ya tatu ipite. Atakuja na sauti ya mwanao. Usiseme hata 'nani?'. Hilo nalo ni jibu."

"Na mwanangu?"

"Mlango wa kitabu ukijifunga, kila aliye wa huku hurudi huku."

"Na yeye ataenda wapi, mzee? Kitabuni alirudi ndani. Huku je?"

Akasikia mzee akivuta pumzi. "Sijui. Sikuandika mbele ya hapo."

"Mama anaongea na nani, aliuliza mtoto."

Kitu kilikuwa kimesimama kwenye mlango wa jikoni, mlango ambao Mama Nukta alikumbuka ameufunga kwa komeo. Kilikuwa na uso wa Kitinda, pengo la Kitinda, na kiliinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesoma mgongo wa kitabu rafuni. Harufu ya karatasi mbichi ikajaa jikoni.

"Na watu wa kazini," Mama Nukta alisema. Alishangaa kusikia sauti yake imetulia. Akainama, akachukua ndoo ya taka iliyokuwa nusu tu, akaisogeza. "Nenda kamwage taka chini, mwanangu."

Kitu kilimtazama. Kifuani mwake kurasa zilipekuliwa haraka haraka, kisha zikasimama.

"Haya, mama, alisema mtoto, akachukua ndoo." Kisha kikachukua ndoo.

Alihesabu ngazi mpaka hakusikia tena. Akausukuma mlango wa mbele, akazungusha ufunguo, akapitisha komeo la juu na la chini. Akakimbilia mezani, akashika raba, akasugua lile neno alilokuwa ameliandika kwa fahari, akasugua mpaka vumbi la raba likatapakaa na karatasi ikaota manyoya, na bado alama ya penseli ilibaki imechimbika, kwa sababu siku zote yeye alikuwa mtu wa kukandamiza anapoandika, akaendelea kusugua hata hapo ili neno lisisomeke kwa jicho wala kwa kidole.

Nyayo zikapanda ngazi. Ndoo ikawekwa chini.

"Hodi," sauti ya Kitinda ikasema.

Mama Nukta akakaa sakafuni, mswada mapajani, ukiwa wazi ukurasa wa arobaini na mbili. Upande wa pili wa ukuta mapacha wa jirani walikuwa wakirusha mpira na mama yao akiwakemea kwa kicheko. Maisha ya watu yalikuwa yakiendelea.

"Hodi, mama. Nimemwaga taka."

Akaikamata ile soksi akaiuma, kwa kuwa koo lake, koo lililofunzwa tangu utoto kwamba mpiga hodi halali njaa, lilikuwa limeshaanza kulitengeneza neno lenyewe, ka, ri, na alilazimika kulimeza silabi kwa silabi huku machozi yakimtiririka mpaka shingoni, na mlango ukawa unasukumwa kidogo tu, kwa adabu, kama mtoto asiyetaka kugombezwa, na harufu ya karatasi zilizolowa ikipenya chini ya mlango na kutambaa sakafuni mpaka magotini pake.

Kisha kukatulia. Na alipoanza kudhani kimeondoka, sauti ikaja kutoka chini kabisa, kwenye upenyo, kana kwamba aliyesema amelala kifudifudi koridoni.

"Hodi. Mama, nifungurie. Ninaogopa."

Lile kosa. Lile lile, lenye ulimi wa mwanawe ndani yake. Mama Nukta alishasimama, mkono ulishafika kwenye komeo la chini, na moyo wake wote ukasema huyu ndiye, huyu ndiye niliyemzaa, ndipo akayatupia macho maandishi kwa mara moja ya mwisho, kwa mazoea tu ya kazi, ya mtu asiyeamini anachosikia mpaka akione kimeandikwa. Ukurasani bado kulikuwa na msichana mwenye pengo. Bado alikaa nyuma ya mlango. Nifungurie bado ilikuwa pale, na doa dogo la penseli juu ya r. Mwanawe alikuwa hajatoka. Basi aliyeko koridoni si mwanawe. Akauondoa mkono kwenye komeo, akajifunga mdomo kwa mikono miwili.

Mara ya tatu ikapita. Nyayo zikaondoka.

Mistari ya ukurasa wa arobaini na mbili ikafifia, mmoja baada ya mwingine, ukabaki weupe mtupu.

"Mama," mtu akasema chini ya meza. "Kurikuwa na giza."

Alimvuta kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Akabandika sikio kifuani pake. Moyo ulikuwa ukigonga, mbio, mzito, wa nyama. Mguu mmoja ulikuwa umeganda kwa baridi, akaushika kiganjani akaupasha moto, akamwambia atasema anavyotaka, kurara, chakura, kira kitu, maisha yake yote, wala hatamsahihisha tena. Kitinda akamshangaa. Mama Nukta alikuwa akilia na kucheka, na kwa muda huo hakuna alichohitaji duniani.

Koridoni, nyayo hazikushuka ngazi. Zilisogea hatua chache, zikasimama kwenye mlango wa jirani.

"Hodi," ikasema sauti ya Kitinda.

Kitinda mwenyewe, mapajani kwa mama yake, akainua kichwa. Mama Nukta akamziba mdomo. Akafungua wa kwake ili apige kelele, aonye, aseme usijibu, nakuomba usijibu, na pumzi ikiwa imeshapanda akakumbuka kwamba hodi inapobishwa, neno lolote linalotoka ndani ni jibu, na kati ya mlango ule na mlango wake kulikuwa na hatua nne, na aliyekuwa mapajani pake alikuwa ndiyo kwanza anapata joto. Akafunga mdomo.

Haikubishwa mara ya pili.

"Karibu, mwanangu," jirani akaitikia kwa furaha kutoka ndani. "Sukuma tu, mlango uko wazi."

Nyuma ya ukuta, mapacha wakanyamaza.