Mteja Aliyekataliwa Getini

Kiti kilikuwa cha moto. Mke wa Maneno alipokaa mezani mchana ule, aliruka kama aliyekalia siafu.

"Nani alikuwa kakaa hapa?"

"Akae nani, mke wangu? Si ndiyo kwanza tunaingia?"

Lakini Maneno alisikia harufu ya udi, na chini ya udi, nywele zilizoungua.

Maneno alikuwa mlanguzi wa tiketi, na jina hakupewa bure. Mdomo ule ungemuuzia samaki maji. Tamasha likinukia tu, keshazikomba tiketi, anaziuza nje ya geti kwa bei ya kuruka. Zikimwishia, hutoa nakala. Kiti kimoja, makalio manne, atakayewahi ndiye mwenyewe! Na kila aliyesitasita alimwapia, mkono kifuani: "Wakikukataa getini, njoo kwangu, nitakukalisha mwenyewe." Waliorudi walikuta vumbi lake.

Sasa juzi, jua la utosi, alimuuzia nakala bibi mmoja mrefu, nguo nyeusi tii, hana hata tone la jasho. Kama alikuwa na kivuli, Maneno hajui. Mlanguzi hutazama mkono wenye noti, miguu ya watu ya nini?

"Ahadi?" bibi aliuliza.

"Ahadi, dada'angu!"

Basi getini akakataliwa, akaja kukalishwa.

Harufu ikatoka mezani ikaenda jikoni, ikatoka jikoni ikalala kitandani upande wa mke, na kila ilipotua, mke hakuweza tena kukaa. Majirani wakaanza kumpita bila salamu, kama mlingoti. Siku binti yao mdogo alipokiamkia kiti kitupu, "Shikamoo mama," huku mamake kasimama pale pale na sahani mkononi, Maneno akakimbilia kwa mganga.

Mganga alifika kizingitini, akanusa, akaukunja mkeka kabla hajautandaza.

"Jini aliyevamia namtoa," alinong'ona. "Huyu kaalikwa. Kaapiwa."

"Mpe nafasi yangu, mzee wangu, mimi nitasimama!"

"Keshachagua, mwanangu. Na si yako aliyoitaka."

Mke akamgeukia mumewe taratibu. "Umeniuza, baba watoto?"

Maneno, yule wa kumuuzia samaki maji, akaketi sakafuni.

Mganga akaondoka, mke akamfuata hadi barabarani akimsihi, na mlango ukajifunga nyuma yao bila upepo, na Maneno akataka kuinuka akaufungue lakini miguu ikawa si yake, na udi ukajaa chumba mpaka machozi yakamtoka, na katikati ya machozi hayo akaona kiti kinajaa kidogo kidogo, kwanza gauni la mkewe, kisha mabega ya mkewe, kisha lile doa la shavuni ambalo alilibusu siku ya harusi, na nje mtu akaanza kugonga, akigonga na kuita jina lake, lile la ndani ambalo mke peke yake hulijua.

Binti akachungulia dirishani, akarudi mbio kwenye kiti.

"Mama, kuna mtu analia huko nje. Ati anasema yeye ndiye mama."

"Mwambie," ikajibu sauti ya mkewe, tamu kama siku zote, "pamejaa."