Huduma ya Chini ya Ngazi

Mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo. Shati la shule likikatika kifungo, linapelekwa kwake. Alishona kwa cherehani ya mkono, maana miguu yake ilikuwa imepooza tangu ajali iliyomvunja uti wa mgongo. Kutwa alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu, barazani kwa mdogo wake, akishona na kutaniana na wapita njia.

Halafu akahamia chumba cha nyuma.

"Dada, huko ndani giza," mdogo wake alimwambia. "Utajichoma sindano."

"Barazani kuna vumbi."

Vumbi la wapi? Lilikuwepo miaka yote. Ukweli ni kwamba Mama Vifungo alikuwa na kidonda pale anapokalia. Hakikumuuma, kwa sababu hapo hakuwa na hisia. Alikijua kwa doa kwenye nguo, baadaye kwa harufu. Akawa anafua nguo zake mwenyewe, akajifungia, akiogopa pua za watu. Na watu hawakosi la kusema. Wakasema anaringa.

Sasa utauliza, si angekwenda zahanati? Alikwenda. Lakini mlango wa zahanati ulikuwa juu ya ngazi. Siku moja wanaume walimbeba na kiti chake kama gunia, gauni likapanda mapajani, watu wakatazama. Aliapa kuwa habebwi tena.

Tangu hapo nesi, mwenye roho nzuri kweli, alikuwa akishuka kumhudumia pale pale chini ya ngazi. Watu wa foleni walikaa kando, wametega masikio.

"Mama Vifungo, leo unasumbuliwa na nini?"

Alitazama foleni. Alimwona muuza maji. Alimwona mwalimu wa watoto anaowashonea. Mdomo ukawa mzito.

"Kichwa tu," akasema.

Akapewa dawa ya kichwa. Akarudi nayo nyumbani, na kidonda chake vilevile.

Mume wa mdogo wake alikuwa fundi mwashi. "Shemeji," alimwambia, "nitakujengea njia yako ya kupandia. Utaingia kama bosi." Akaomba ruhusa, akachanganya zege, akajenga njia ya mteremko kando ya ngazi. Kazi safi. Ila ilisimama kama paa la nyumba, na ilikuwa laini kama sahani.

Mama Vifungo akasukuma magurudumu. Alipofika katikati, mikono ikaishiwa nguvu na kiti kikaanza kurudi nyuma. Shemeji yake alikidaka kikikaribia kupinduka.

"Jikaze kidogo, shemeji."

"Nimejikaza."

"Kajengewa, bado hapandi," sauti ikatoka kwenye foleni. "Anataka nini tena?"

Maneno yale yalimchoma. Alirudi chumbani kwake, na zahanati hakwenda tena. Homa za jioni zikaanza. Alijua kidonda kinakula ndani kwa ndani, na kwamba kinaweza kumuua. Nyumba ilijaa watu, na hakuona hata mmoja wa kumwambia. Upweke wa namna hiyo ni mbaya kuliko wa kukaa peke yako.

Aliyekuja kubisha hodi alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja anayezungukia zahanati za eneo lile.

"Nimeona njia ya mteremko pale," alisema alipokaribishwa. "Nikamuuliza mlinzi nani anaitumia. Kasema wenye pikipiki, wakipandisha maboksi, na kwamba aliyejengewa anakaa hapa. Fundi, ulimuuliza shemeji yako kabla ya kujenga?"

"Nilitaka iwe zawadi."

"Basi nguo umeshona bila kumpima mwenyewe. Sikiliza. Kwa kila sentimita moja ya kupanda, njia iende mbele sentimita kumi na mbili. Zile ngazi zimeinuka sentimita sitini."

Fundi akapiga hesabu. "Mita saba na kitu. Uwanja hautoshi."

"Ikunje kona. Kwenye kona weka sehemu bapa, apumzike na kugeuka. Juu mlangoni pia iwe bapa, asirudi nyuma akifungua mlango. Sakafu iwe na mikwaruzo, isiteleze. Weka vyuma vya kushika pande zote." Kisha akamgeukia Mama Vifungo. "Na wewe mama, ndiye mwenye safari. Kuna kingine?"

Hakuwahi kuulizwa swali hilo.

"Mlango wa chumba cha nesi ni mwembamba," akasema. "Hata nikipanda, nitahudumiwa koridoni. Na choo hakiingiliki. Siku ya zahanati sinywi maji tangu asubuhi."

"Dada, mbona hukusema?" mdogo wake aliuliza.

"Hamkuniuliza."

"Mlango uwe na upana wa sentimita tisini," mtaalamu akasema, "na chooni kuwe na nafasi ya kugeuza kiti."

Kamati ya zahanati ilibishana, mwishowe ikakubali. Fundi akavunja zege lake mwenyewe, akinung'unika. Safari hii kila alipochora mstari, Mama Vifungo aliupitia na kiti chake kwanza.

Siku ya kufunguliwa alipanda mwenyewe. Akapumzika kwenye kona, akaendelea. Akaingia hadi chumbani kwa nesi.

"Naomba ufunge mlango," akasema. Nesi akafunga. "Nina kidonda."

Nesi alikitazama, akashusha pumzi. "Hiki ni cha miezi, mama. Kimekaribia mfupa. Ulikuwa unakuja hapa, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia wapi, mwanangu?"

Nesi alikisafisha, akampa dawa. Akamfundisha kujiinua kitini kwa mikono mara kwa mara, kukalia mto mnene, na kujikagua ngozi kila siku kwa kioo, maana asiye na hisia hawezi kungoja maumivu yamwambie.

Kidonda kilipona polepole. Asubuhi moja nesi akasema, "Kimefunga. Nenda ukashone."

Mama Vifungo akatoka chumbani. Nje akageuza kiti, akakisogeza hadi mwisho wa benchi, kando ya muuza maji. Foleni ilikwenda, watu wakaingia na kutoka, yeye yupo tu. Nesi akatokeza kichwa mlangoni.

"Mama, si umeshahudumiwa? Unamngoja nani?"

"Simngoji mtu," akasema. "Nimekaa na watu."