Chupa Iliyovunjika Kwenye Kona

Kila alasiri, kabla hata ya kuvua viatu vya shule, Kimwaga alipita uani kumwamkia mama yake. Uani ndiko mama alikoshinda. Alikuwa dobi, na mikono yake ililowa tangu asubuhi mpaka jua linapozama. Alifua mashuka ya hoteli moja ya mjini pamoja na mashati meupe ya wahudumu wake, na mashati hayo ndiyo yaliyolipa kodi ya vyumba vyao viwili na kununua madaftari ya shule.

Jina halisi la Kimwaga lilikuwa kwenye rejista ya mwalimu tu. Nyumbani hakuna aliyelitumia. Aliitwa Kimwaga kwa sababu alimwaga. Alimwaga uji, alimwaga maji, alimwaga sabuni ya unga. Siku moja alimwaga chai juu ya shuka lililokwisha kupigwa pasi, mama akamwuliza, "Wewe mtoto, mikono yako ina matundu?" Kaka yake alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo, chochote kikianguka, nyumba nzima ilipiga kelele, "Kimwaga!" hata kama mwenyewe yuko shuleni. Naye akazoea kusema "nisamehe" kabla hajatazama kilichoanguka.

Lakini kwenye madoa hakuna aliyemshinda, isipokuwa mama. Mama alikuwa na utaratibu wake: nguo yenye doa haikuingia majini mpaka doa lenyewe liulizwe. Unalinusa, unaligusa, unalisugua kidogo kati ya vidole. Lina mafuta? Linanata? Lina harufu gani?

"Liulize kwanza, wewe nani?" mama alisema, kana kwamba doa ni mgeni aliyebisha hodi. "Ukilirukia na maji ya moto bila kulijua, litahamia humo humo."

Alasiri hiyo mama hakuwa na utani. Pasi ilikuwa imeungua waya tangu juzi na ilikuwa kwa fundi. Mashati ya hoteli yalikuwa yamekauka, yamejaa kapu zima, yamekunjamana.

"Chukua hela hii," mama alisema, akiufunga mkono wa binti yake juu ya noti. "Ni ya fundi. Mpe, chukua pasi, rudi. Meneja ameshanionya. Mashati yasipofika kesho asubuhi, kazi anampa dobi mwingine. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Na utazame mbele!"

Kimwaga alitazama mbele. Alitembea ukingoni mwa barabara, ngumi imekaza, hata alipopita dirisha la duka la viatu hakugeuza shingo. Alipofika kwenye kona ya duka la dawa, mtu alitokea ghafla nyuma ya nguzo. Wakagongana bega kwa kiwiko. Kitu kikaanguka na kupasuka, na maji ya kahawia yakarukia shati lake jeupe la shule.

"Nisamehe, baba!" Maneno yalimtoka kabla hajajua kilichovunjika ni nini.

Aliyesimama mbele yake alikuwa mwanamume wa makamo, shati la mikono mirefu, kola imenyooka vizuri, begi begani. Alitazama vipande vya chupa chini, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Dawa ya mwanangu! Ona ulichofanya! Mtoto yuko kitandani, kifua kimembana, nimehangaika kutwa kutafuta hela ya dawa, na wewe unakuja kunipiga kikumbo!"

"Sikukuona, baba. Nisamehe."

"Msamaha wako utamponya?" Kisha akainama, sauti yake ikawa laini. "Sikulaumu, mwanangu. Wewe ni mtoto. Lakini mwenzako leo atapumua vipi? Huna chochote hapo mkononi?"

"Ninacho, lakini ni hela ya fundi."

"Kwani huyo fundi anaumwa?"

Kimwaga alizidi kukaza ngumi.

"Au twende kwa mama yako," yule mtu aliendelea, "nikamweleze jinsi ulivyonimwagia dawa. Atasema nini?"

Kimwaga alijua kabisa mama angesema nini. Alijua na neno la kwanza lingekuwa lipi. Akafungua kiganja. Yule mtu akachukua noti, akasema "Mungu akubariki," akaondoka. Wala hakuelekea dukani kununua dawa nyingine. Alikwenda upande mwingine kabisa, bila haraka.

Fikiria jambo hilo. Mtu mzima mwenye ndevu, mwenye mikono ya kufanya kazi yoyote, anakwapua jasho la dobi kwenye kiganja cha mtoto, tena mtoto mwenyewe anaomba radhi! Mwizi wa mfukoni ana afadhali, kwa kuwa yeye angalau hakuachii hatia ubebe nyumbani. Na pale pale, hatua chache tu, muuza magazeti alikuwa kwenye meza yake. Aliona yote. Akachukua gazeti la juu, akalipangusa vumbi, akalirudisha mahali pake.

Kimwaga alifika nyumbani akilia kwa kwikwi.

"Pasi iko wapi?" mama aliuliza.

Alisimulia. Kaka yake, aliyekuwa akianua mashuka, hakungoja amalize. "Kimwaga!" alisema, akatikisa kichwa.

Mama aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alitazama kapu la mashati. "Mara ngapi nimekwambia utazame mbele?" alisema, na sauti yake ilikuwa ya uchovu kuliko ya hasira, jambo ambalo lilimuumiza Kimwaga zaidi. "Sasa meneja nitamwambia nini? Haya, vua hilo shati kabla doa halijashika."

Kimwaga akabadili nguo, akaenda bombani na shati lake. Machozi yalikuwa bado yanamtoka, lakini mikono ilifanya kama ilivyofundishwa. Ilileta doa puani kwanza. Kisha ikalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada.

Akaacha kulia. Akalisugua tena.

"Mama, halinati."

"Nini hakinati?"

"Doa. Dawa ya kifua inanata. Ile niliyokunywa mwaka jana ilinata hadi kwenye mto, ukaisugua siku mbili. Hii hainati. Na harufu yake..."

Mama alinyanyuka. Alichukua lile shati, akalinusa, akaligusa kwa ncha ya ulimi.

"Chai," alisema. "Chai ya rangi, imepoa."

"Hata sukari hakutia?" kaka aliuliza.

"Hata sukari."

"Bahili huyo!" kaka alisema, lakini hakuna aliyecheka. Mama alikuwa ameshafungua kitambaa cha kichwa na kukifunga upya, kwa nguvu. Hata mikono hakuipangusa.

"Hukumgonga," alimwambia binti yake. "Alikugonga. Alikuwa anakungoja. Twende."

Walikwenda mbio mbio, mama akiwa na lile shati lenye doa begani kama bendera. Walipokaribia kona walimsikia kabla ya kumwona. "Dawa ya mwanangu! Ona ulichofanya!" Chupa nyingine ilikuwa imepasuka chini. Safari hii mbele yake alisimama msichana mdogo kuliko Kimwaga, ametumwa maziwa, mfuko wa noti umening'inia shingoni. "Nisamehe, baba," msichana alisema, na mkono wake ukaanza kutafuta mfuko.

Kimwaga alisikia neno lake mwenyewe likitoka kwenye kinywa cha mwingine. Aibu yote aliyoibeba tangu alasiri iligeuka hasira, akatimua mbio kumpita mama.

"Usimpe! Usimpe, si dawa!"

Yule mtu akageuka. "Wewe mtoto una wazimu? Nani amekulea huna adabu hivyo?"

"Mimi ndiye niliyemlea," mama alisema, akihema. "Eleza, kaka. Dawa gani hiyo?"

"Ya kifua, mama. Nimeinunua hapa hapa sasa hivi." Akaonyesha duka la dawa kwa kidole. "Watoto wa siku hizi hawaangalii wanakokwenda."

Kimwaga alichuchumaa. Mbele ya watu waliokwisha kuanza kujaa, alichovya kidole kwenye kile kidimbwi cha kahawia, akakisugua na kidole gumba, akanusa.

"Hainati," alisema kwa sauti. "Ni chai. Ile ya kwanza ilikuwa chai, na hii pia ni chai. Kama ni dawa, baba, ilambe."

Yule mtu hakulamba. Watu wakaanza kunong'ona. Wakati huo huo muuza dawa, mwanamke mnene aliyevaa koti jeupe, alikuwa ametoka mlangoni kutazama kelele.

"Nani amenunua dawa kwangu?" aliuliza. "Wewe? Wewe si yule wa chupa tupu? Si kila wiki unakuja kuniomba chupa tupu, unaniambia unauza asali?" Alitazama vipande vya vioo chini, akaweka mkono kinywani. "Kumbe asali yenyewe ndiyo hii! Na mimi nilikuwa naziosha kabisa kabla ya kukupa!"

Mtu mmoja akacheka, lakini kicheko hakikudumu. Yule mwenye kola nzuri alipojaribu kupenya aondoke, vijana wawili walimzibia njia, na mwingine akainua ngumi.

"Asiguswe!" mama alisema kwa ukali uliomshangaza hata Kimwaga. "Nataka hela yangu, sitaki damu yake. Mwiteni askari."

Askari aliyekuwa akiongoza magari kwenye makutano hakuwa mbali. Alikuja, akasikiliza, akamwamuru yule mtu atoe vilivyomo mfukoni. Noti ya mama ilikuwa bado imekunjwa mara nne, vile vile ilivyokuwa kwenye ngumi ya Kimwaga; askari akamrudishia mama. Mfuko wa plastiki uliokuwa kwenye begi lake ulikuwa na chupa tatu, zimejazwa tayari, zimefungwa vizuri. Askari alifungua moja, akanusa, akatema mate pembeni.

"Una mtoto mgonjwa?" alimwuliza.

Yule mtu alitazama viatu vyake.

"Basi tutaongea kituoni." Akamshika mkono wakaondoka.

Mama hakuwa amemaliza. Aligeuka kwenye meza ya magazeti.

"Na wewe, ndugu yangu. Unakaa hapa kutwa. Hukuona?"

Muuza magazeti alihangaika na magazeti yake. "Niliona, mama. Lakini... niliona hayanihusu."

"Mwanangu alilia mbele ya meza yako. Na kabla yake wengine, na baada yake huyu." Alimshika bega yule msichana wa maziwa. "Ungesema neno moja tu. 'Mtoto, usitoe.' Ungepungukiwa na nini?"

Muuza magazeti aliyaacha magazeti yake. Mwishowe alisema kwa sauti ndogo, "Nimekosa, mama," kisha akatoka nyuma ya meza na kumsindikiza msichana mpaka dukani anunue maziwa yake.

Fundi alikuwa ameshafunga dirisha moja walipofika, lakini aliwapa pasi. Jioni ile nyumba nzima ilifanya kazi. Kaka alinyunyiza maji, mama akapiga pasi, Kimwaga akakunja. Kapu lilipobaki nusu, mama aliisimamisha pasi pembeni.

"Nisikilizeni," alisema. "Mtu mzima mwenye shida ya kweli huomba kwa watu wazima wenzake. Akimkimbilia mtoto, akamharakisha, akamtishia kwa mama yake, hapo kuna jambo. Mtu wa namna hiyo mwambieni, 'Twende kwa mama.' Kama ni mkweli, atakuja, na mimi nitamsaidia kwa nilichonacho. Kama ni mwongo, mtaona atakavyopotea."

"Alisema mwenyewe twende kwako," Kimwaga alisema polepole. "Mimi ndiye nilikataa. Niliogopa utasema..." Hakumaliza.

Mama alijua neno lililobaki. Alitazama mikono yake iliyokunjamana kwa maji.

"Alipata pa kukushikia," alisema. "Na tuliompa ni sisi, humu ndani. Tumekuzoesha kuamini kila kinachovunjika umekivunja wewe. Huruma yako usiiache, mwanangu, ni nzuri. Lakini kosa nalo uliulize kwanza ni la nani, kama tunavyouliza doa."

Kaka alijinyoosha kuchukua shati jingine. Kiwiko chake kikapiga bakuli la maji, likapinduka, maji yakatapakaa sakafuni.

"Kim..." alianza kwa mazoea. Mama akamtazama. Akameza lililobaki, akashuka chini na tambara. "Ni mimi," alisema. "Nisameheni."

Asubuhi mashati yalikuwa tayari, meupe, yamepangwa kwa safu ndani ya kitambaa safi. Mama alisimama mlangoni akaita jina. Msichana aliyekuwa akifunga kamba za viatu aliendelea kufunga. Mama akaliita tena, lile jina la kwenye rejista, na ndipo binti yake alipoinua kichwa na kutambua kwamba anayeitwa ni yeye.

"Njoo unishikie upande huu," mama alisema. "Tunayapeleka wote wawili."