Mlango wa Kushikiwa

Kila asubuhi shangazi alijaza maji chupa mbili, moja ya msichana aliyeitwa Redio na moja ya binamu yake, akawaambia wanywe yote, maana kichwa kikavu hakishiki kitu. Wasichana waliitikia vizuri. Wakifika shuleni, walipitia kwenye bustani ya mwalimu mkuu na kuyamwaga yote kwenye maua. Wasichana wengi wa darasa la sita walifanya hivyohivyo, ndiyo maana maua yale yalinawiri kuliko wanafunzi.

Si kwamba walikuwa wajinga. Ukinywa maji, lazima uende chooni, na milango ya vyoo vya wasichana haikuwa na komeo hata moja. Unachuchumaa, upepo unafungua mlango, na mbele yako wavulana wanacheza mpira. Dawa ilikuwa kwenda na mwenzako akushikie mlango kwa nje. Lakini mwalimu wa nidhamu alikuwa amepiga marufuku kwenda wawiliwawili. Alisema wawili ni umbea, na choo hakihitaji kampani. Waliokamatwa walifagia uwanja. Basi dawa iliyobaki ikawa kutokunywa, na kubana mpaka kengele ya mwisho.

Redio aliitwa hivyo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima. Binamu yake, aliyekaa naye dawati moja, alikuwa mpole wa kupitiliza. Kichwa kikimuuma, alilaza shavu kwenye dawati bila kusema neno. Mwalimu wa hesabu akaona ni uvivu, akawa anamsimamisha nyuma ya darasa kila kipindi. Siku moja, akiwa amesimama hukohuko, mtoto wa watu akaanguka puu, kama mfuko wa unga.

Kwenye zahanati muuguzi alimpima, akauliza maswali kadhaa, akasema ana maambukizi kwenye njia ya mkojo, na mwili wake umekauka. Shangazi hakuelewa. Chupa si anajaza mwenyewe kila siku? Ndipo binamu akaangua kilio, akaeleza yote, kuanzia milango mpaka maua. Kisha akasema shule ile harudi tena. Heri akae nyumbani aoshe vyombo maisha yake yote.

Maneno hayo Redio alilala nayo na kuamka nayo. Binamu yake alipenda kusoma hata maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni. Leo aache shule kwa kukosa kipande cha chuma cha urefu wa kidole?

Jumatatu, mstarini, mwalimu mkuu alitangaza kwamba darasa la sita limekuwa la wasinziaji, na mmoja amefikia hata kujifanya amezimia. Kwa hiyo mapumziko ya asubuhi yamefutwa, watasoma moja kwa moja. Akauliza, kama kawaida yake, kama wameelewa. Shule nzima ikaimba kwamba imeelewa.

"Mimi sijaelewa, mwalimu," Redio akasema.

Mtu alimvuta sketi kwa nyuma. Mwalimu mkuu akamwita mbele na kumtaka arudie, labda ulimi uliteleza. Hasira ilimshika Redio mgongo ikamnyoosha.

"Binamu yangu hakujifanya. Ameumwa kwa sababu ya kubana mkojo. Tunabana kwa sababu milango haifungi, na kwenda na mwenzako ni kosa. Sasa mkitunyang'anya na mapumziko, tutaenda lini?"

Wavulana wakacheka. Mwalimu wa nidhamu akasema kwa ukali kwamba hayo si mambo ya msichana mwenye adabu kuyatangaza mbele za watu, na kwamba mlango ni mlango tu, ukiurudisha unafunga.

"Basi tafadhali, mwalimu, ingia wewe," Redio akasema kwa heshima zote. "Peke yako, kama tunavyoagizwa. Sisi tutasubiri hapahapa."

Mwalimu wa nidhamu angeweza kukataa, ila alikuwa mwanamke asiyependa kuonekana ameshindwa. Akavuka uwanja kwa hatua za askari, akaingia, akaurudisha mlango. Mlango ukatulia kidogo, kama unafikiri, kisha ukafunguka taratibu mpaka mwisho. Akaufunga. Ukafunguka. Akajaribu kuuzuia kwa mguu, mkono mmoja ameshika sketi, wa pili ameegemea ukuta, shule nzima ikimtazama, na hapo hata haja hakuwa nayo.

Alirudi uso umeiva. Kila mtu alijua kuna atakayekiona cha moto leo. Lakini alisimama kando ya Redio, akamgeukia mwalimu mkuu, akamwambia kwamba vyoo vya walimu vina komeo na kufuli juu yake, na kwamba yeye mwenyewe amewafagilisha watoto uwanja kwa kosa la kujisitiri.

Mwalimu mkuu akamuuliza Redio, safari hii kwa sauti ya chini, kwa nini hawakusema mapema.

"Tulisema, mwalimu. Tulipokamatwa tulisema, tukaambiwa tusijibizane na wakubwa. Na hapa mstarini huwa tunaulizwa kama tumeelewa. Hatujawahi kuulizwa kama tunaumwa."

Siku ileile fundi aliitwa. Alianza kupachika komeo juu, kwa kimo chake mwenyewe, wasichana wakamwomba alishushe ili na watoto wa darasa la kwanza walifikie. Mapumziko yakarudi. Kuanzia hapo, kila Jumatatu wanafunzi walisema kwanza yanayowasumbua, kabla mwalimu mkuu hajafungua mdomo.

Binamu alipopona, shangazi alimsindikiza mpaka getini, naye akaingia mwenyewe. Mwalimu wa hesabu alimwomba radhi mbele ya darasa, kwa sauti ndogo sana. Redio akanyoosha mkono, akamwomba arudie, maana wa nyuma hawakusikia.

Jumatatu iliyofuata mwalimu mkuu alisubiri wanafunzi wamalize kusema, ndipo na yeye akasema.

"Ukiumia, sema. Mwenzako akishindwa kusema, msemee, hata kama aliye mbele yako ni mimi. Miaka yote tumewaambia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tulisahau kwamba mkuu naye ana guu."