Seli Mbili Zilizoitwa Despina na Huy

Despina Vlahos alikuwa kwenye foleni ya donati za jemu, soko la Queen Victoria, Jumamosi ya baridi kali, macho yamemganda mgongoni mwa kijana aliyesimama mbele yake. Mgongo wenyewe ulikuwa wa kawaida tu. Kilichomkamata ni jezi ya timu ya Collingwood, mistari myeusi na myeupe iliyosimama wima.

“Kaka, ungesogea kidogo? Hiyo mistari yako inanipigia kelele kichwani.”

Kijana akageuka. Uso mwembamba, nywele zimevurugwa na upepo, sukari kidevuni. Alikwisha kula akarudi foleni. “Collingwood huwapigia kelele watu wote, dada. Wengine hulia kabisa.”

“Nani kasema mpira? Nyuma ya ubongo kuna seli ambazo kazi yake ni kuona mistari. Zangu umeziamsha.”

Akamtazama upya, kuanzia koti la sufu la zambarau hadi buti zilizochakaa. “Zinazopenda ya wima au ya kulala?”

Despina akasahau njaa. Melbourne nzima, nani angeuliza swali hilo ila mtu wa kazi hiyo hiyo? Aliitwa Huy Lam. Alikuwa ameanza masomo ya uzamivu, udaktari wa utafiti, katika jengo lile lile alilofanya kazi Despina, yeye chini, bibie juu.

Huy alichomeka sindano nyembamba kuliko unywele katika ubongo wa panya aliyelazwa usingizi, mahali panapohusika na kuona. Mistari ikapita kwenye skrini mbele ya panya. Seli ikiipenda, inatoa cheche ya umeme, na spika inalia. Cheche hizo zilipanda juu kwenye kompyuta ya Despina, naye akazichambua: hii ya seli ipi, ile ya seli ipi.

Simu za mkononi zilikatazwa chumbani mwa Huy, mawimbi yake yanachafua umeme. Mapenzi yalipowakolea, Huy akawa anampigia kwa simu ya ukutani, kisha anaielekeza kwenye spika.

“Unasikia, mpenzi?”

“Nasikia bisi zinapasuka.”

“Hiyo ni seli inakusalimu.”

“Iambie salamu nimezipokea. Na mwenye sindano aambiwe akale, nisije nikamwokota sakafuni.”

Siku moja Huy akapiga bila hata salamu. “Laazizi, kaa chini. Nimepata seli mbili majirani. Moja ikinyamaza, ya pili inaanza. Zinapokezana! Hakuna aliyewahi kuona kitu hiki.”

“Umezipa majina?”

“Despina na Huy.”

“Anayenyamaza ni nani?”

“Huy, bwana! Nani aliwahi kumwona Despina akinyamaza?”

Despina akacheka hadi wenzake wakageuka.

Mama yake Huy, mwenye duka la vitambaa mtaa wa Footscray, aliutangaza ugunduzi kwa kila aliyeingia kununua hata kifungo. Despina alipokwenda kumsalimu, mama alishusha jora la hariri nyekundu, akamtandazia begani. “Rangi hii imekukubali, mwanangu. Huy akishapata udaktari wake, tutaishona nguo ya harusi.” Hariri ilikuwa baridi na laini, na Despina akatamani isiondolewe.

Jumapili, siku moja kabla ya mkutano wa maabara ambako Huy angeeleza ugunduzi wake, Despina alikaa peke yake kuzipima zile cheche mara ya mwisho. Seli mbili jirani, hata zikipokezana namna gani, kuna wakati zitagongana, zilie pamoja. Seli moja haiwezi kugongana na nafsi yake. Ikishalia, lazima ivute pumzi kwanza. Akazipanga cheche za “Despina” juu ya cheche za “Huy”. Katikati ya mchoro, pale ambapo zingegongana, pakatokea shimo tupu.

Hazikuwahi kugongana hata mara moja. Ilikuwa seli moja. Ubongo ulikuwa unapanda na kushuka polepole chini ya sindano, mlio ukibadilika umbo kila unaposogea, na kompyuta ikadhani amekuja mgeni.

Akapiga simu ya mkononi ya Huy; ikalia bure kwenye droo nje ya chumba. Akapiga ya ukutani.

“Huy, ule mchoro wa kesho usi—”

“Nyamaza, mpenzi, nimeshika seli!” Akakata.

Wote wa kazi hiyo wanaijua sheria: aliyeshika seli hasemeshwi, maana ikiponyoka hairudi. Ngazi zilikuwepo. Despina alizitazama, akavaa koti, akaenda nyumbani. Huy alikesha na seli yake.

Asubuhi alikuja mkutanoni moja kwa moja, shati amebadilishia chooni, macho mekundu yanacheka. Alieleza vizuri mno. Profesa Falkiner, mkuu wa maabara, akaweka kikombe chini.

“Kabla hatujapiga makofi. Despina, umezipima? Zimewahi kulia pamoja?”

Despina angeweza kusema bado hajazipima.

“Nimezipima, Profesa. Hazijawahi.”

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Huy akazima skrini mwenyewe.

Kwenye korido Huy alimsubiri Despina. “Ulijua tangu jana.”

“Nilikupigia, ukanikata!”

“Ulikuwa na miguu, Despina. Umelala na siri hiyo, ukaamka, ukapaka na lipstiki, ukaja kunizika mbele za watu.”

“Sikupanga hivyo, mpenzi, nisikilize…”

“Usiniite mpenzi.”

Majira ya baridi yakaisha bila simu ya ukutani kulia. Despina alisikia kwa wenzake tu kwamba Huy anaanza upya. Kisha, mchana mmoja wa jua, Huy akamwita kituo cha treni na mabasi cha Southern Cross. Alimkuta karibu na mabasi ya uwanja wa ndege, begi miguuni, amekonda.

“Nimepata nafasi ya masomo mji wa Brisbane,” Huy akasema. “Twende wote. Pete ninayo mfukoni, sikutanii.”

Despina alishika mkono wake, akahisi vidole vile vile. “Kuna neno limekukwama. Liteme.”

“Mama anasema ukija mezani kwake, uanze na samahani. Na mimi pia naihitaji. Moja tu, laazizi. Hata kama haitoki moyoni.”

“Najuta, Huy. Najuta sikushuka zile ngazi. Najuta ulivyosikia mbele za watu. Nalala nikipapasa upande wako.”

“Basi hiyo si ndiyo samahani?”

“Hayo ni majuto, na ni yangu. Wewe unataka niseme nilikosea kujibu. Niliulizwa, nikasema kilichokuwepo.”

“Ungeniokoa kwa uongo mdogo.”

“Ungeujengea maisha.”

Dereva akaanza kupakia mabegi. Huy akabaki ameukazia macho mdomo wa Despina, anangoja, mkono mfukoni.

“Panda basi,” Despina akasema. “Hata ukipiga goti hapa hapa, watu wote hawa wakitazama, siombi samahani. Siombi.”